Mashapo mekundu, ute wa DNA na rangi inayopotea: kusafisha bakteriorodopsini

Swali la msomaji, kwa ufupi: Yuko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya bayokemia. Anakuza vijiumbe vipenda chumvi alivyovitoa kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, pwani ya Kenya, akitafuta bakteriorodopsini, protini ya zambarau ya utando wa seli inayosukuma protoni kwa nguvu ya mwanga. Seli zake ni nyekundu sana. Akizimimina kwenye maji anapata ute mzito usiopanda hata kwenye pipeti. Akisafisha mashapo (kinachozama baada ya kuzungusha kwenye sentrifuji) kwa ditajenti, yaani sabuni ya maabara, ya Triton X-100 ya 1%, rangi inakuwa ya kutu, na kesho yake ni njano. Uwiano wa kipimo cha ufyonzaji wa nanomita 280 (protini zote) kwa 568 (bakteriorodopsini) haumpi namba ya maana. Sentrifuji yake inafika 48,000 g tu (g ni nguvu ya mvutano wa dunia). Anauliza kama tatizo ni mwanga, na kama afanye kazi yote gizani.

Jibu

Mwanga ndio mshukiwa wa mwisho hapa. Bakteriorodopsini ikiwa ndani ya utando wake wa asili inavumilia mwanga wa kawaida wa maabara siku nzima bila kudhurika. Kazi yake yenyewe ni kupokea mwanga na kurudi ilipoanzia ndani ya takriban milisekunde 10. Inakuwa dhaifu mbele ya mwanga pale unapoitoa kwenye utando huo kwa ditajenti, na hilo ndilo ulilofanya mapema mno. Matatizo yako ni manne na kila moja lina chanzo chake: aina ya kijiumbe, namna ya kupasua seli, Triton, na kipimo.

Kwanza rangi. Wekundu wa seli hauonyeshi kwamba bakteriorodopsini ipo. Unatoka kwa bakterioruberini, karotenoidi ya kaboni 50 ambayo karibu arkea wote wapenda chumvi (kundi la vijiumbe vyako, tofauti na bakteria) wanayo, na vilele vyake vya ufyonzaji viko karibu na nanomita 470, 500 na 535. Bakteriorodopsini ni ya zambarau na kilele chake ni 568 baada ya kuangaziwa. Kwenye mabwawa ya chumvi wekundu huo unatoka kwa vijiumbe vingi tofauti, na baadhi yao, hasa wa jenasi ya Halorubrum, wana pampu inayofanana na bakteriorodopsini lakini imeshikana na bakterioruberini yenyewe. Utando wa hao unabaki na rangi ya mvinyo hata uuoshe vipi. Kama mojawapo ya aina zako ni ya kundi hilo, zambarau safi unayoisubiri haitatokea, na hilo halitakuwa kosa la mikono yako.

Kuna jaribio la bei rahisi la kujua kama una rodopsini yoyote, yaani protini ya jamii ya bakteriorodopsini inayopokea mwanga kwa retinali iliyo ndani yake. Pasua seli kidogo, osha utando, gawa sampuli mbili. Moja ikae gizani usiku kucha kwenye joto la chumba. Nyingine iangazie dakika 10 kwa taa kali kupitia kichujio cha njano kinachozuia mwanga wa chini ya nanomita 500, na weka chombo cha maji katikati ili joto la taa lisifike. Chukua spektra zote mbili (ufyonzaji kwa kila urefu wa wimbi), toa ya giza kwenye ya mwanga. Bakteriorodopsini iliyokaa gizani ni mchanganyiko wa maumbo mawili ya retinali, trans yote na 13-sis, kilele chake kiko karibu na 558; ikiangaziwa inahamia 568 na kilele kinapanda kiasi. Karotenoidi haifanyi hivyo. Tofauti ikiwa mstari ulionyooka tu, ulicho nacho ni karotenoidi.

Kwa tasnifu ya uzamili nakushauri uagize Halobacterium salinarum aina ya R1 au, bora zaidi, S9, kutoka hazina yoyote ya vijiumbe inayotambulika. R1 haitengenezi vifuko vya gesi, na S9 iliyotokana nayo hutoa utando wa zambarau kwa wingi. Vifuko vya gesi ni kero ya kweli kwa anayesafisha: vinaelea, vinatia ukungu kama wa maziwa kwenye kimiminika cha juu na kuvuruga kila kipimo. Aina zako za Gongoni zitunze. Zina thamani, ila ni kwa mradi wa kuzitambua, na ni vizuri zaidi kuzisafisha ukiwa umeshaiona zambarau halisi kwa macho yako.

Mchuzi wa kukuzia ni huu, kwa lita moja: kloridi ya sodiamu gramu 250, salfeti ya magnesiamu yenye maji saba gramu 20, sitreti ya sodiamu gramu 3, kloridi ya potasiamu gramu 2, peptoni gramu 10. Rekebisha pH iwe 7.0 hadi 7.4 kabla ya kuchemsha kwa mvuke. Chumvi ya mezani yenye madini joto na dawa ya kuzuia kugandamana iache. Peptoni ndiyo inayowaangusha wengi: baadhi ya peptoni za bakteria zina mabaki ya asidi za nyongo, na asidi hizo hupasua seli za Halobacterium hata kwa kiasi kidogo. Dalili yake ni mbegu iliyoota vizuri siku ya kwanza kisha ikawa nyepesi, au isiyoota kabisa huku chumvi na pH viko sawa. Badilisha chapa ya peptoni kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Ya Oxoid L37 ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hii.

Joto liwe digrii 37 hadi 40. Panda mbegu sehemu moja kwa 50, tikisa vizuri siku mbili za mwanzo seli ziongezeke, halafu punguza hewa: chupa ya lita 2 iwe na lita 1.4 ya mchuzi, mtikiso uteremke hadi mizunguko kama 100 kwa dakika, na taa nyeupe ziwake karibu. Kijiumbe hiki hutengeneza bakteriorodopsini kwa wingi kinapokosa oksijeni huku mwanga upo, kwa sababu hapo ndipo kinapohitaji pampu inayoendeshwa na mwanga badala ya kupumua. Ukiendelea kukipa hewa nyingi utavuna seli nyingi, nyekundu, zenye zambarau kidogo. Baada ya siku 5 hadi 7 rangi ya chupa inageuka kutoka nyekundu ya chungwa hadi zambarau iliyoiva yenye hudhurungi, hapo vuna. S9 iliyokuzwa vizuri hutoa kati ya miligramu 10 na 30 za protini kwa lita.

Kuvuna kunahitaji nguvu kuliko seli za kawaida, maana mchuzi wenyewe ni mzito, karibu gramu 1.18 kwa mililita, na seli hazizami kirahisi: 8,000 g kwa dakika 20 hadi 30. Angalia rota yako (kichwa kinachoshika mirija) imeandikwa uzito gani wa juu kabisa wa kimiminika. Nyingi zimepimwa kwa gramu 1.2 kwa mililita, na ukivuka hapo lazima upunguze kasi. Ukimaliza, suuza rota kwa maji mengi siku hiyo hiyo na uikaushe ikiwa imepinduliwa. Chumvi ikibaki kwenye mashimo ya rota ya aluminiamu inaila taratibu, na rota iliyoliwa inaweza kupasuka ikiwa kasini. Mashine yako ni moja na wanaoitegemea ni wengi.

Sasa ute. Seli hizi zinashikwa umbo na chumvi; ukuta wao ni ganda la glikoprotini linalosambaratika chumvi ikishuka, kwa hiyo kupasua si kazi ngumu. Ugumu ni DNA inayomwagika yote kwa mara moja. Ulipozimimina kwenye maji matupu ulizipasua vizuri, lakini DNA haikuwa na wa kuikata. DNase I, kimeng'enya kinachokata DNA, haifanyi kazi kwenye chumvi ya molari 4, na haifanyi kazi bila magnesiamu. Inahitaji hali ya katikati: chumvi imeshuka, magnesiamu bado ipo. Ndiyo sababu njia ya Oesterhelt na Stoeckenius, walioitambulisha protini hii mwaka 1971 na kuchapisha maelezo ya kuusafisha utando wake mwaka 1974, inatumia dayalisisi: sampuli inakaa ndani ya mfuko unaopitisha maji na chumvi lakini si molekuli kubwa.

Fanya hivi. Mashapo ya lita moja yaoshe mara moja kwa mchuzi usio na peptoni, kisha yachanganye kwenye mililita 25 za mchuzi huo huo. Weka DNase I miligramu 0.5 hadi 1. Usiweke EDTA kabisa, kwa sababu hunasa magnesiamu, wala mchanganyiko wa vizuizi vya proteazi wenye EDTA ndani. Mimina kwenye mfuko wa dayalisisi, acha nafasi ya theluthi moja kwa sababu maji yataingia na mfuko utavimba, kisha uzamishe kwenye kloridi ya sodiamu ya molari 0.1, angalau mara kumi ya ujazo wa sampuli, usiku kucha kwenye baridi huku kukikorogwa taratibu. Asubuhi kimiminika kiwe chepesi kama maji, chekundu cha zambarau, kinachopita kwenye ncha ya pipeti bila kuacha nyuzi. Kikiwa bado kina utelezi, ongeza DNase kidogo na salfeti ya magnesiamu hadi milimolari 5, kiache saa moja kwenye joto la chumba. Usiendelee na ute. Utando utanasa ndani yake na wekundu utanasa nao.

Kutoka hapa sentrifuji yako ya 48,000 g inakutosha. Zungusha kwanza 5,000 g dakika 10 kuondoa seli zisizopasuka. Kimiminika cha juu kihamishie kwenye mirija mingine, 48,000 g kwa dakika 40, digrii 4 hadi 10. Mashapo utakayoyaona yana tabaka. Juu kuna tabaka laini jekundu linalotikisika ukiinamisha mrija. Chini yake zambarau. Na pengine doa gumu la giza chini kabisa. Mwaga kimiminika, zungusha mrija polepole na maji kidogo ili tabaka laini liondoke, ulimwage nalo. Zambarau ichanganye upya kwa brashi laini ya kuchorea, ukiliacha doa gumu mahali pake. Rudia mara mbili kwa molari 0.1 ya chumvi, kisha mara tatu au nne kwa maji yaliyotoneshwa.

Maji ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Sehemu nyekundu ya utando wa seli inahitaji chumvi ili ishikamane. Kwenye maji inavunjika vipande vidogo sana ambavyo havizami kwa nguvu na muda huo. Utando wa zambarau hauvunjiki. Ndani yake protini zimejipanga tatu tatu katika mpangilio wa pembe sita, kristali ya unene wa molekuli moja, robo tatu ya uzito wake ikiwa protini na robo moja tu lipidi, vipande vyenye upana wa karibu nusu mikromita. Mpangilio huo ndio uliowawezesha Henderson na Unwin mwaka 1975 kuisoma protini hii kwa hadubini ya elektroni bila kuitoa kwenye utando. Na ndiyo maana nasisitiza: huna haja ya ditajenti ili kuisafisha. Protini moja tu imejaa kwenye utando huo, kwa hiyo ukiutenga utando umeshaitenga protini. Endelea kuosha hadi kimiminika cha juu kiwe hakina rangi. Kikiwa bado cha waridi baada ya kuosha kwa maji mara nne, ama mbegu ilipata hewa nyingi mno, ama DNA bado ipo.

Jambo moja linaweza kukushtua katika hatua hii: mashapo yanaweza kugeuka bluu. Bakteriorodopsini hushikilia ayoni za kalsiamu na magnesiamu. Zikiondolewa zote, au pH ikishuka chini ya 3, kilele kinahama hadi karibu 605. Hujaharibu kitu. Ongeza kloridi ya magnesiamu kidogo, milimolari 1, au bafa ya fosfeti ya pH 7, na zambarau inarudi mbele ya macho yako.

Gredienti ya sukrosi (tabaka za sukari zinazozidi uzito kuelekea chini) inahitajika pale unapotaka usafi wa kutengenezea kristali au wa vipimo vya kina. Panga 30, 40 na 50% (uzito kwa ujazo) juu ya kitako cha 60%, acha usiku kucha kwenye baridi tabaka ziyeyukiane, weka sampuli juu, zungusha 100,000 g kwa saa 15 hadi 17, digrii 15, kwenye rota yenye vikombe vinavyoinuka. Utando wa zambarau unasimama kwenye gramu 1.18 kwa mililita, yaani sehemu ya chini ya gredienti. Wekundu unabaki juu. Vuta ukanda huo, ongeza maji mara nne ya ujazo wake, uzamishe tena 48,000 g mara mbili kuondoa sukari. Kwa hilo omba siku moja kwenye maabara yenye ultrasentrifuji. Usijaribu kwenye rota yako ya pembe. Mikanda itapakaana ukutani mwa mrija.

Tuje kwenye kipimo. Uwiano wako haukuwa na maana kwa sababu Triton X-100 ina pete ya benzini na inafyonza mwanga vikali karibu na nanomita 275. Ulikuwa unapima ditajenti. Pima utando ndani ya maji au bafa, ukiwa umeangaziwa dakika 10 kwanza, kuanzia 800 hadi 250. Vipande vya utando hutawanya mwanga, na utawanyaji huongezeka kadiri urefu wa wimbi unavyopungua, kwa hiyo 280 itasomeka juu kuliko ukweli. Chukua mwinuko wa 700 hadi 800, ambako protini haifyonzi chochote, uunyooshe hadi 280 na kuutoa. Baada ya marekebisho, uwiano wa 280 kwa 568 kati ya 1.5 na 2.0 ni mzuri. Ukifika 2.5, kuna protini nyingine au DNA. Vijinundu vya 500 na 535 vikionekana kwenye bega la kushoto la kilele, wekundu bado upo.

Kiasi kipate kwa 568, kwa mgawo wa ufyonzaji wa 63,000 kwa molari kwa sentimita. Mfano: umepunguza sampuli mara 20, kipimo kilichorekebishwa ni 0.63. Gawa kwa 63,000 upate mikromolari 10. Zidisha kwa 20 upate 200. Uzito wa molekuli ni takriban 27,000, kwa hiyo una miligramu 5.4 kwa mililita. Ukipima sampuli iliyokaa gizani utapata namba ndogo kuliko kweli, na hapo ndipo mwanga unapohusika kwenye kazi yako: angaza kabla ya kila kipimo, kwa muda ule ule.

Sasa Triton na njano. Ukiiyeyusha bakteriorodopsini unavunja zile tatu tatu na kuziacha molekuli moja moja ndani ya ditajenti. Kilele kinashuka hadi karibu 550, jambo la kawaida, ila kifungo cha retinali na lisini ya 216 (asidi amino ya 216 kwenye mnyororo wa protini) sasa kinafikiwa na maji kwa urahisi. Joto, pH ya juu na mwanga vyote vinakikata, na retinali iliyoachiwa inafyonza karibu na 380. Hiyo ndiyo njano yako. Usiichanganye na hatua ya M ya mzunguko wa mwanga, inayofyonza 412, ambayo inaweza kujilimbikiza kwenye pH ya juu chini ya taa kali. Weka gizani dakika 10: M itarudi zambarau, retinali iliyoachiwa haitarudi.

Ikiwa kweli unahitaji molekuli moja moja, tumia ditajenti ya oktili glukosidi ambayo haifyonzi kwenye 280: milimolari 40 (karibu 1.2%) ndani ya bafa ya fosfeti milimolari 25, pH 6.9, protini isizidi miligramu chache kwa mililita, mrija umefungwa kwa foili, joto la chumba, saa 24. Usiharakishe kwa joto. Usitumie kiasi kidogo kuliko hicho, maana ditajenti hii huanza kujikusanya kwenye takriban milimolari 20 hadi 25, na chini ya hapo haiyeyushi kitu. Hapa giza ni lazima. Ukitaka kuona unachofanya, washa taa nyekundu hafifu. Kisichoyeyuka kinatakiwa kuzamishwa kwa 100,000 g au zaidi, na huna mashine hiyo, kwa hiyo hatua hii isubiri siku ile ya ultrasentrifuji.

Ukija kuhamia halorodopsini (pampu ya kloridi) au rodopsini za hisia (zinazomwonyesha kijiumbe mwanga uliko), mambo yanageuka. Hizo ziko kidogo sana kwenye seli, hazijipangi kama kristali, na kwa kawaida hutengenezwa ndani ya E. coli zikiwa na mkia wa histidini, retinali ikiongezwa kwenye mchuzi, kisha kuyeyushwa kwa ditajenti ya dodesili maltosidi. Huko ditajenti haikwepeki na giza ni la tangu mwanzo. Halorodopsini ya Natronomonas pharaonis idumishie chumvi kwenye bafa zote: ikiwa na kloridi kilele ni karibu 578, ikikosa kinahamia karibu 600, na hapo unajua bafa yako imekosewa. Jamaa zake wapenda magadi, kama Natrialba magadii iliyopatikana Ziwa Magadi, wanakuzwa kwa pH ya 9 na kuendelea. Mchuzi nilioutaja hauwafai.

Utando uliosafishwa uhifadhi digrii 4, gizani, na azidi ya sodiamu 0.02% ili usiote ukungu. Ukipanga kupima usukumaji wa protoni au kasi ya mzunguko wa mwanga, iache azidi, kwa sababu inabeba protoni yenyewe na kubadilisha namba. Hifadhi kidogo kidogo na utumie mapema. Azidi ni sumu, usiimwage kwenye asidi wala kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi.

Kwa mashapo uliyonayo sasa: yasiyoguswa na Triton yachanganye kwenye molari 0.1 ya chumvi na magnesiamu milimolari 5, weka DNase, subiri saa moja, osha kwa maji mara nne, halafu fanya lile jaribio la giza na mwanga. Tofauti ya spektra mbili ikionyesha kilele karibu na 590, una rodopsini na inafaa kuendelea. Yaliyoguswa na Triton yatupe.